Fremu Iliyopungua Kidole Kimoja

Kwetu Garissa mtu hachagui jina la utani, jina ndilo humchagua, na likishamshika hata akihamia Bute akafungue duka la sukari litapanda lori limfuate huko huko. Anayechechemea ataitwa Langare na ataandikwa Langare hadi kwenye kadi ya harusi yake. Mimi naitwa Bishar, lakini tangu mwaka jana mtaa mzima unaniita Caday, yaani mswaki, ule mswaki wa mti tunaotafuna asubuhi, na mgeni akiuliza kwa nini, huwa kuna mtu tayari anasafisha koo ili asimulie, na mimi ghafla hukumbuka kuwa nina kazi mahali pengine. Sasa nimeona bora nisimulie mwenyewe. Wao husimulia sehemu ya kuchekesha tu, na sehemu ya kuchekesha ndiyo ndogo. Aibu yenyewe, kwa kifupi, ni hii: kulikuwa na mama mzee aliyebakiwa na kitu kimoja tu cha mtoto wake aliyekufa, akanipa nikitunze, nikakikata kwa wembe, mbuzi akala.

Msiondoke bado, kuna na mabaya zaidi.

Kwanza mnijue. Nilisoma mpaka darasa la nane, nikaishia hapo, na mimi ni mtu wa haya, haya za kupita kiasi, mtu akinikanyaga mguu mimi ndiye husema samahani. Nafanya kazi kwa Fundi Musyoka, Mkamba mmoja mnene mwenye karakana ya vitanda na milango kwenye barabara ya kwenda soko la mifugo. Mwaka mzima nilikuwa napiga msasa tu. Fundi alikuwa akiniambia, "Bishar, hata mbao inaongea kuliko wewe, mbao ukiipiga inalia," nami nacheka kidogo na kuendelea na msasa. Lakini moyoni nilitaka kutengeneza kitu changu kimoja, kitu ambacho mtu atakishika aseme hiki kimetengenezwa na Bishar, mimi nisilazimike kusema chochote.

Kitu hicho kikaja kupitia kwa Ayeeyo Dahabo. Ayeeyo kwetu ni bibi, lakini yeye si bibi yangu wa damu, ni jirani yetu, ua wa miti unaogawa boma lao na letu una tundu katikati, na tundu hilo nililitoboa mimi nikiwa mdogo ili nipite kwenda kunywa maziwa ya ngamia kwake, mwaka ule mama yangu alipokuwa mgonjwa. Macho yake siku hizi ni hafifu, anakutambua kwa sauti na kwa kukushika uso. Siku moja ya Jumanne aliniita kupitia tundu lile lile.

"Warya Bishar, wewe si umekuwa fundi?"

Nikasema mimi napiga msasa tu.

"Basi hiyo ndiyo fundi. Njoo."

Akafungua sanduku lake la bati, akatoa shuka, akatoa kanzu ya marehemu mume wake, harufu ya uunsi, ule ubani wetu, ikajaa chumba, na chini kabisa, juu ya karatasi ya maua iliyotandikwa ndani ya sanduku, palikuwa na picha moja. Picha ya zamani, rangi zimefifia mpaka watu wamekuwa kama wamepakwa chai. Ilipigwa Masalani, akaniambia, na mpiga picha aliyekuwa akitembea na kamera shingoni, walipokuwa wakingoja mtumbwi wa kuvuka mto. Mchwa walikuwa wameanza kula pembe moja.

"Wamefika kwenye sanduku," akasema. "Leo wamekula pembe, kesho watakula watu. Nataka uifanyie fremu ya mbao yenye kioo. Alhamisi tuna dua ya wafu wetu, watu watakuja, nataka iwe tayari."

Kisha akaishika kwa mikono miwili akasema, "Nuur wangu yumo humu. Sina nyingine."

Niliangalia. Katikati alikuwa Ayeeyo mwenyewe, msichana wa shingo ndefu, amebeba mtoto mchanga, na kando yake mume wake mwenye kofia. Nikajua huyo ndiye Nuur. (Nilijua hivyo kwa sababu sikuuliza. Mtu mwingine angeuliza, "Ayeeyo, Nuur ni yupi?" na maisha yangu yangekuwa mengine, lakini kuuliza mama mzee habari za mtoto wake aliyekufa niliona kama kumchoma mwiba, nikanyamaza.)

"Naomba niende nayo nikapime," nikasema.

"Picha haitoki nyumba hii."

Sasa hapo ndipo uamuzi wangu mdogo ulipokaa, mdogo kama punje ya mtama. Sikuwa na tepu. Tepu ya karakana ni moja na Fundi alikuwa ameondoka nayo kwenda kupima milango upande wa pili wa mji. Ningeweza kusema, Ayeeyo, nitarudi jioni na tepu. Ni maneno machache sana hayo. Lakini nilikuwa nimeshasimama pale kama fundi, ananiita fundi, na mjukuu wake Hodan (ambaye mdomo wake ni mkali kuliko msumeno wetu) alikuwa mlangoni ananitazama kwa macho ya kungoja nikosee. Nikaona haya. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa mswaki wangu.

Nikaulaza kwenye picha, na wallahi, ulilingana na urefu wa picha mwanzo hadi mwisho, ncha kwa ncha, kama vile mti ule ulikatwa kwa ajili hiyo. Upana nikaupima kutoka upande ule usiotafunwa, nikakata alama kwa kisu. Hodan akasema, "Eh, fundi wa kisasa," nikajifanya sijasikia. Nikarudisha mswaki mfukoni nikaondoka nikijiona mwerevu. Mungu amenirahisishia, nikasema.

Nyinyi mnaotumia mswaki wa mti nadhani tayari mmeshika vichwa.

Kwa wasiojua: mswaki wa mti ukiutafuna, ncha inalegea inakuwa nyuzi nyuzi, na baada ya siku mbili tatu nyuzi zile zinachoka, zinakuwa kama mkia wa punda, basi unakata ile ncha kwa meno, unatema, unaanza ncha mpya. Hakuna anayefikiria anapofanya hivyo. Ni kama kupepesa jicho. Jumatano asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, nilitembea kwenda karakana nikiwaza fremu tu, nitaifanyaje pembe zake, nitapata mbao gani, na huku mkono umeshaingia mfukoni wenyewe, mdomo umeshaanza kazi wenyewe, nikatafuna, nikakata, nikatema kando ya barabara. Nilikuwa natafuna kipimo changu. Nilikitema kipande cha picha ya Ayeeyo Dahabo kwenye vumbi na nikaendelea kutembea nikiwa na furaha.

Fremu yenyewe, hata leo nasema, ilikuwa nzuri. Sitaki kujisifu, lakini kama kuna mtu mahali fulani anahesabu makosa yangu naomba ahesabu na hilo. Niliitengeneza kwa mathenge. Fundi alinicheka. Mathenge ni mti ambao kila mtu hapa anaulaani, umejaa kando ya mto, umeziba njia, miiba yake inatoboa hata gurudumu, na maganda yake matamu yanawaozesha mbuzi meno. Lakini ndani, ukifika kwenye moyo wa mti, ni mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea. "Utaniharibia msumeno," Fundi akasema, kisha akaniachia msumeno. Nikapasua, nikapiga randa, nikachimba kwa patasi kijia cha ndani ambamo kioo na picha hukaa. Pembe za kwanza hazikukutana. Fundi akachungulia akasema, "Hapa ngamia anapita na mizigo yake." Nikarudia. Za pili pia hazikukutana. Za tatu zilikutana kama midomo ya mtu anayetunza siri. Nikapima tena na tena kwa mswaki, upana kwa alama, urefu kwa mswaki wote, sawasawa, sawasawa kabisa, nikapiga msasa mpaka vidole vikawa laini, nikapaka mafuta ya simsim, na jioni Fundi akaigeuza mkononi, akaifikisha puani, akasema, "Hii ni kazi." Maneno matatu. Niliyabeba nyumbani kama mtu anayebeba yai.

Kioo nacho kilikatwa dukani kwa kipimo cha fremu. Kwa hiyo fremu ililingana na mswaki, na kioo kikalingana na fremu, vyote vilikubaliana kabisa, picha peke yake ndiyo haikuulizwa.

Alhamisi baada ya alasiri nikaenda. Mikeka ilikuwa imetandikwa uani, wazee upande mmoja, akina mama upande mwingine, sufuria za pilau zimefunikwa, birika kubwa la chai ya maziwa lipo kwenye mawe. Fundi Musyoka naye alikuja, amevaa shati safi, kwa sababu mbao zilitoka kwake na kwa sababu alitaka watu wajue mimi ni kijana wa nani. Ayeeyo alinishika uso, akaipapasa fremu tupu pembe zote nne, akatabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu hivyo, aliziba mdomo kwa mkono kama msichana. "Ingia ndani uiweke," akasema. "Dua ikiisha nitaitoa mbele ya watu."

Hodan akaniletea picha chumbani akatoka. Nikabaki peke yangu. Nikaweka kioo, nikaweka picha, picha ikakataa.

Nilidhani nimeipindisha. Nikaigeuza. Upana ulikaa vizuri, lakini urefu, kushoto kwenda kulia, ulizidi kwa upana wa kidole kimoja, picha ikawa imepanda juu ya mbao kama mtu mrefu kwenye kitanda kifupi. Nikatoa mswaki nikaulaza juu yake na mswaki nao ukawa mfupi. Nilisimama pale bila kuelewa. Wallahi nilifikiri picha imekua. Halafu nikaona ile ncha, nyeupe, mbichi, niliyoikata jana.

Nje dua ilikuwa inaelekea mwisho, nasikia sauti za aamiin, aamiin. Ningeweza kutoka niseme, Ayeeyo, nimekosea kipimo, nipe siku mbili. Nilisimama nikajaribu maneno hayo mdomoni, kimya kimya, na kila nilipofika "nimekosea" nilimwona Hodan mlangoni, nilimwona Fundi na shati lake safi, niliona lile tabasamu lililozibwa kwa mkono. Kisha Hodan akagonga mlango: "Bishar, unatengeneza picha au unazaa? Watu wanangoja!"

Nikaitazama picha. Upande wa kushoto kulikuwa na kiwiko cha mume wake, huwezi kumkata mtu kiwiko. Upande wa kulia hakukuwa na mtu, mchanga tu na pindo la nguo ya Ayeeyo lililovutika, na ukingoni kabisa doa fulani jeupe, kama jani, kama kidole cha mpiga picha kilichoziba kamera. Mtoto mchanga yuko katikati, salama. Kidogo tu, nikajiambia. Hata hatajua. Nikatoa wembe, nikaulaza kwenye ukingo wa kioo, nikavuta mara moja. Kipande chembamba kikaanguka mkononi, na kwa kuwa sikutaka kionekane, nikakitupa dirishani. Picha ikaingia kwenye fremu vizuri sana, kama iliyozaliwa humo.

Nikatoka nayo. Watu wakasema mashaallah. Fundi akasema kwa sauti kubwa, "Hiyo ni mathenge, jamani! Mathenge!" kama aliyeuumba mti mwenyewe. Ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Ayeeyo, naye hakuitazama, aliipapasa. Nikaona kidole gumba chake kinatembea juu ya kioo, kinakwenda moja kwa moja upande wa kulia, kama mtu anayekwenda kwenye kitanda chake gizani, kikafika kwenye mbao kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo. Kikaenda tena, kikagonga mbao tena. Akaisogeza fremu karibu kabisa na jicho lake.

"Nuur yuko wapi?"

Nikainama, nikamwonyesha mtoto mchanga. "Huyu hapa, Ayeeyo."

Hodan akapiga kelele, "Huyo ni mama yangu!" na uani pote watu wakaangua kicheko, wazee kwa akina mama, mama mmoja akasema, "Maskini, amemfanya Safiya mwanaume!" Safiya mwenyewe, mama yake Hodan, mtu mzima sasa, alikuwa kando ya birika akiyafuta machozi ya kucheka.

Ayeeyo hakucheka. Aligeuka upande wa Fundi Musyoka, na akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, nadhani alitaka asibaki mtu asiyeelewa, "Fundi, hii si bicha yangu."

Fundi akacheka kidogo. "Mama, ni yako, si hii hapa?"

"Bicha yangu ina mkono." Akainua mkono wake, vidole vimekunjwa kama vinavyoshika kitu. "Hapa. Mkono wa Nuur. Aliogopa kamera, alikimbia, mimi nikamwita, akabaki ameshika nguo yangu tu. Mpiga bicha akapiga. Akaja mkono peke yake. Msimu ule ule wa mvua homa ikamchukua. Mimi sina uso wake. Nina mkono."

Kicheko kiliisha pole pole, mkeka mmoja baada ya mwingine. Doa jeupe. Kama jani.

"Bishar," Hodan akasema, na mara hii sauti yake haikuwa na ukali wowote, "picha ilikuwa na sehemu nyingine. Kipande kiko wapi?"

Nilikimbia. Nilizunguka nyuma ya nyumba mpaka chini ya dirisha na pale amesimama beberu mweupe wa jirani, mbuzi maarufu wa mtaa, anakula maboksi, anakula makaratasi ya saruji, taya limepinda na meno karibu yote ameshamaliza kwa maganda ya mathenge, na mdomoni ananing'iniza kitu chembamba. Kama angekuwa na meno angeshamaliza. Alikuwa anakisaga taratibu kwa ufizi, ananitazama. Nikamrukia, akanipita, nikamfuata, akakata kona akaingia uani katikati ya mikeka, nami nyuma yake, sikuona wazee wala pilau, nilikanyaga sinia, watu wakainua nguo zao wakipiga mayowe, mzee mmoja akasema, "Warya, mshikeni kijana!" mwingine akasema, "Mshikeni mbuzi!" na nilipomkamata mguu wa nyuma tulianguka pamoja, mimi na yeye, juu ya birika la chai iliyobaki vuguvugu. Nilimpanua mdomo nikatia mkono hadi kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa analia, nami nilikuwa nalia.

Nilitoa kipande. Kilikuwa kidogo kama ukucha, kimelowa mate. Nikakifuta kwenye shati nikakitazama. Mchanga. Mchanga mtupu wa Masalani.

Nikasimama mbele ya watu wote nikiwa nimelowa chai, nimeshika kile kipande cha mchanga, na Fundi Musyoka akanijia, akachukua fremu mikononi mwa Ayeeyo, akaitazama pembe, akatazama picha, akaniuliza polepole, "Bishar. Ulipima na nini?"

Naapa sikufikiria. Niliulizwa, nikajibu kwa njia ninayojua mimi, bila maneno. Nilitia mkono mfukoni nikatoa mswaki.

Fundi akautazama. "Na huu... uliutafuna baada ya kupima?"

Nikainamisha kichwa, ndiyo.

Sikulaumu mtu. Hata mimi ningekuwa nimeketi pale kwenye mkeka ningecheka. Kicheko kilianza kwa wazee, mmoja alijikaza akashindwa, akatema mate ya kicheko, halafu wote, halafu akina mama wamejifunika mitandio mabega yanatetemeka, Fundi mwenyewe ameinama ameshika magoti anasema, "Amekula kipimo! Jamani, amekula kipimo!" na kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Caday!" na jina likakaa kichwani mwangu na halijatoka.

Na sasa ndiyo sehemu wasiyoisimulia, kwa sababu hawakuiona. Mimi nikiona haya sana, mdomo wangu hutabasamu. Siuamrishi, unatabasamu wenyewe, umenipigisha viboko vingi shuleni. Nilikuwa nimesimama kati ya kicheko kile, nikamtazama Ayeeyo Dahabo, naye alikuwa ameinua uso wake kuelekea kwangu, karibu kabisa, hatua mbili, na macho hafifu au si hafifu, hatua mbili anaona. Na mimi nilikuwa natabasamu.

Akageuka akaingia ndani.

Sikwenda karakana siku nne. Niliziba lile tundu la ua kwa matawi ya miiba, nikatumia mlango wa mbele usiku na mchana kama mtu mwenye kesi. Mama yangu alienda kuomba msamaha akarudi akaniwekea chakula. Fundi alikuja siku ya tatu akasimama nje, akasema, "Bishar, sikiza. Fremu ikikataa picha, kosa ni la fremu. Hukati picha. Mbao tuna msitu mzima pale mtoni, unasikia? Msitu mzima. Picha ilikuwa moja." Alitaka kunifariji, nadhani. Nililia zaidi.

Siku ya tano nikasikia miiba inavutwa kwenye tundu. Ni Hodan, anaiondoa kwa mkongojo. "Ayeeyo anakuita," akasema. "Na uje na tepu."

Nilienda kwa Fundi, akanipa tepu bila kuuliza. Ayeeyo alikuwa ameketi kando ya sanduku la bati, limefunguliwa, nguo zote zimetolewa. Nilitaka kusema yale maneno niliyoyafanyia mazoezi siku nne, lakini alinionyesha ndani. Ile karatasi ya maua ilikuwa imefifia pote kwa moshi wa uunsi na kusuguliwa na nguo, isipokuwa pale picha ilipolala miaka yote. Hapo maua yalikuwa bado mekundu, umbo la picha nzima, na pembe zake, na upana wa kile kidole kimoja nilichokata upande wa kulia.

"Pima hapo," akasema. "Nitengenezee fremu ya urefu ule. Usipunguze."

"Ayeeyo, picha sasa haitajaa. Itabaki nafasi."

"Najua itabaki."

Nilipima mara tatu. Nikaandika namba kwenye kiganja, nikaandika na kwenye mbao, nikaandika na kwenye ukuta wa karakana. Niliitengeneza kwa mathenge ile ile. Pembe zilikutana mara ya kwanza, na sikufurahi hata kidogo. Niliiweka picha upande wa kushoto, kiwiko cha mume wake kikagusa mbao, na upande wa kulia nikaacha kile kidole kimoja cha nafasi tupu. Nilipomkabidhi nilisema, "Ayeeyo, siku ile sikuwa nacheka." Ilinichukua pumzi zangu zote. Alikuwa anapapasa kioo, kidole gumba kinakwenda kulia, kulia, kikafika, kikatulia pale penye utupu. Sijui kama alinisikia, na sijawahi kurudia.

Tangu siku hiyo tepu iko mfuko wa kulia na mswaki uko mfuko wa kushoto, na nimeapa kwamba sitakata kitu cha mtu, hata uzi, kabla sijauliza ni nini, hata kama kuuliza kutaniua. Huwa nauliza sasa. Wateja wananishangaa, wanaleta stuli iliyovunjika mguu nawauliza ilikuwa ya nani.

Fremu iko kwenye ukuta wa chumba chake, mbali na upande wa kuswalia. Wageni wakija huuliza mbona picha imesogezwa upande, aliyeitengeneza hakujua kazi? Naye huwajibu, "Hapo ni pa Nuur," na anaendelea kumimina chai. Mimi pia bado hunywa chai yake, naingia kupitia tundu lile lile. Hukaa nimeupa ule ukuta wa fremu mgongo, kwa kuwa siwezi kuitazama, na Ayeeyo, ambaye kwa adabu zetu angemkemea mtu yeyote anayeketi vibaya nyumbani mwake, hajawahi kuniambia nigeuke.